Mlima Huu na Kisima: Mafundisho juu ya Kilele cha Kibo



Neno la mwezi huu latoka katika Injili ya Yohana, mlango wa 4, aya ya 19 hata ya 24. Someni kwanza habari yote nyumbani mwenu, tangu Bwana Yesu alipoketi kisimani adhuhuri hali amechoka, ndipo mwendelee na maneno haya. Mwajua jinsi yule mwanamke wa Samaria alivyouliza. Baba zake waliabudu katika mlima uliokuwa mbele ya macho yao wote wawili, nao Wayahudi walisema ya kuwa mahali pa kuabudia ni Yerusalemu. Basi ni wapi? Mlima ule ni Gerizimu, na kimo chake ni kama mita 880 tu. Mji wetu wa Moshi, ambao sisi twauhesabu kuwa uko chini katika tambarare, wakaribia kulingana nao. Lakini kwa Wasamaria Gerizimu ulikuwa mlima kupita milima yote, na swali la mwanamke lilikuwa swali la watu wake kwa mamia ya miaka.

Sisi tukaao chini ya Kilimanjaro twalifahamu swali lile upesi kuliko watu wa nchi zisizo na mlima. Baba zetu nao walikuwa na mlima wao. Walimwita Mungu Ruwa, nalo ndilo jina la jua pia. Na walipoomba waligeuza nyuso zao kuelekea Kibo. Upande wa Kibo ulikuwa upande wa heshima. Jina hilo Ruwa twalitumia hata leo katika Kichaga kwa Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, wala hatuoni vibaya. Jina limebatizwa. Jicho ndilo tusilo na hakika nalo kama limebatizwa.

Maana swali la zamani limerudi kwa sura mpya. Katika sharika kadha wa kadha tumewasikia Wakristo wazima, watu washikao Neno, wakisema: "Mchungaji, weupe wa Kibo unakwisha. Ukiisha, je, maji yetu hayatakauka? Tena, je, Mungu hakuuacha mlima wake?" Na wengine husema ya kuwa maombi yaombwayo kileleni hufika upesi zaidi, nao huchanga fedha ili watu wachache wapande kuwaombea wenzao wote. Maswali haya ni swali moja, nalo ni la yule mwanamke wa Samaria. Yatupasa kulijibu kwa Neno. Lakini ni vema kwanza tupande juu kwa fikira, tukaone kuna nini, kwa kuwa wengi wakicha kilele hiki wasikijue.

Kilimanjaro si mlima mmoja, bali ni mitatu iliyoshikamana, na kila mmoja ulizaliwa kwa moto wa chini ya nchi. Shira, ulioko magharibi, ndio mzee. Umekwisha kubomoka, umebaki uwanda mpana ulioinuka, na ncha yake ina kimo cha mita kama 4,000. Mawenzi uko mashariki, nao una mita 5,149, miamba mitupu iliyochongoka kama meno. Mwaijua hadithi ya wazee, jinsi Mawenzi alivyokwenda kuomba moto kwa Kibo hata akapigwa kwa mchi. Atazamaye Mawenzi husadiki mara moja ya kuwa alipigwa. Katikati umesimama Kibo, mdogo wao kwa umri, naye awapita kwa kimo: mita 5,895, yaani zaidi ya futi 19,300. Kati ya Kibo na Mawenzi pana uwanda wa mawe na vumbi, wenye kimo cha mita kama 4,400, uitwao Tandiko kwa sababu umeingia katikati kama tandiko la punda.

Sasa, mtu aliyeko Machame au Marangu au Mamba, akiamka asubuhi na mapema kabla ya mawingu, huona Kibo kama kuba la nyumba, laini, limetulia, limekamilika. Hudhani ya kuwa juu yake pana ncha moja ya kusimama. Lakini afikaye juu haoni kuba. Aona shimo.

Tunaomba mwangalie neno hili, maana ndilo kiini cha jiografia ya kilele. Apandaye kwa njia ya Marangu huanza usiku wa manane na kupambazukiwa penye ukingo, mahali paitwapo Gillman, katika kimo cha mita zaidi ya 5,600. Jina hilo ni la injinia wa reli aliyefika huko mwaka 1921. Hapo hudhani ya kuwa amekwisha kufika, kumbe amefika mdomoni mwa bakuli. Mbele yake nchi yashuka tena. Hana budi kuufuata ukingo akizunguka kwa upande wa kusini, na njia yapanda kidogo kidogo, hata afike mahali ukingo ulipoinuka kupita kwingine. Hapo ndipo Uhuru. Kilele cha Afrika nzima, basi, ni kipande cha ukingo tu.

Bakuli hilo lina upana wa kilomita 2 na nusu hivi. Lilifanyika kilele cha kwanza cha Kibo kilipoporomoka kwa ndani, kama paa la nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa. Upande wa kusini kuta zake zina kimo cha mita 180 hata 200. Ndani ya bakuli pana kichuguu kikubwa cha majivu, na katika kichuguu hicho pana kasoko nyingine, na ndani ya kasoko hiyo pana Shimo la Majivu, duara kamili, lenye upana wa mita 350. Pande zake kuna matundu yatoayo mvuke wenye harufu ya kiberiti, na udongo ulio karibu nayo una joto. Shimo ndani ya shimo ndani ya shimo; na hilo ndilo lililo moyoni mwa weupe tunaousifu.

Kasoko hiyo ya katikati yaitwa kwa jina la Reusch, naye alikuwa mmisionari wetu wa Kilutheri, Mchungaji Richard Reusch, aliyeupanda Kibo mara makumi. Yeye ndiye aliyemwona katika mwaka 1926 chui aliyekufa kwa baridi penye ukingo, mzoga wake umekauka katika barafu, akamkata sikio liwe ukumbusho. Watu wa ng'ambo wameandika mengi juu ya chui huyo, wakitafuta fumbo. Sisi hatuoni fumbo. Twaona mnyama aliyepanda mahali pasipo mawindo wala maji, akafa.

Maana hivyo ndivyo kulivyo juu. Hapana mti, hapana jani, isipokuwa kuvu na ukoga kidogo juu ya mawe. Uzito wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, hata mtu mwenye nguvu apiga hatua moja na kusimama kupumua. Baridi, kwa wastani wa mwaka, ni kama digrii 7 chini ya sifuri. Wengine hutapika, wengine huumwa na kichwa hata wasijue jina la mwenzao, na wako waliokufa. Kwa hiyo hapana akaaye. Watu hupiga picha penye ubao, husimama robo saa, huanza kushuka. Hata vijana wetu wapagazi, ambao huku huitwa wagumu, hawakipendi kilele kwa ajili yake chenyewe. Wakipenda, hupenda kumwona mgeni akishuka salama.

Na kwa kuwa tumewataja, na tuseme neno. Wengi wao ni watoto wa sharika zetu. Sheria ya Hifadhi yasema mtu asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mizigo ya wageni. Hans Meyer alipofika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller siku ya 6 Oktoba 1889, kulikuwa na mtu wa Pangani, jina lake Mwini Amani, aliyekaa siku nyingi peke yake katika kambi ya juu, akilinda hema na kupika, ili wale wawili wapate kurudi mahali penye moto. Jina lake halikuandikwa juu ya jiwe lo lote la kilele. Mzee wa usharika atakayewapimia vijana mizigo kwa haki atakuwa amefanya neno jema kuliko kuchangisha fedha za safari ya maombi.

Majina ya kilele nayo yatufundisha. Meyer alikiita kwa jina la Kaisari wa Ujerumani. Kaisari aliondolewa katika enzi yake mwaka 1918. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge juu yake, na kikaitwa Uhuru, nasi twalifurahia jina hilo kwa haki. Lakini mlima haukumsikia huyu wala yule.

Tuje sasa kwenye weupe, maana hapo ndipo penye hofu ya watu.

Mzungu wa kwanza kuandika ya kuwa Kilimanjaro una theluji alikuwa mmisionari Johannes Rebmann, siku ya 11 Mei 1848. Alikuwa mtu wa Ujerumani, ametumwa na chama cha misioni cha Kiingereza. Kiongozi wake, Bwana Kheri, alipoulizwa kule kweupe ni nini, alijibu ya kuwa ni baridi. Mtu yule hakuwa na neno la theluji, akasema alilolijua, naye alisema kweli. Habari ilipofika London wako wataalamu wakubwa wa jiografia walioikataa, kwa kuwa mlima ulio kilomita 330 tu kutoka mstari wa ikweta, kwa maoni yao, haukuweza kuwa na theluji. Walikuwa hawajafika. Miaka mingi ilipita kabla ya neno la Rebmann kukubaliwa. Tena wamisionari wale wa kwanza walisimuliwa habari ya mangi mmoja wa zamani aliyedhani ya kuwa weupe ule ni fedha, akatuma watu wakaichukue. Wengine hawakurudi, na fedha yenyewe ilipoletwa katika vyombo ikawa maji tu. Twaipenda sana habari hii. Hatusemi ya kuwa wazee wetu walikuwa wajinga. Twasema ya kuwa tangu zamani watu wamepanda kule kutafuta kisichokuwako.

Barafu ya Kibo haifanani na ya mito ya baridi ya Ulaya, itelemkayo mabondeni. Nyingi yake imelala juu ya uwanda wa kilele kama mikate mikubwa iliyokatwa, na kingo zake ni kuta zilizosimama wima, ndefu kuliko kanisa. Kubwa kuliko zote ni ile ya kaskazini. Za kusini zimebaki vipande vipande. Katikati ya bakuli kulikuwa na moja iliyopewa jina la Furtwängler, aliyepanda mwaka 1912, nayo imepungua mno na kupasuka. Katika mwaka ule wa 1912 barafu yote ya mlima ilienea karibu kilomita 12 za mraba. Mwaka 2011 zilipimwa zikaonekana hazifiki 2. Kati ya kila sehemu 10, zaidi ya 8 zimekwisha kuondoka. Si uvumi huo. Atazamaye picha za zamani na za sasa huona kwa macho yake.

Kwa nini? Wanaochunguza mambo haya husema ya kuwa tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya nchi zetu ilikuwa kavu kuliko ilivyokuwa kwanza, na theluji mpya haikuja ya kutosha kuifunika ile ya zamani. Tena ya kuwa dunia yote yapata joto kwa ajili ya moshi wa viwanda na magari, na moshi huo kwa sehemu kubwa haukutoka katika jiko la Mchaga. Wengine walithubutu kutaja na mwaka. Ilisemwa mwaka 2002 ya kuwa barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka ile ilipita, na barafu imebaki, ingawa ni kidogo na yaendelea kupungua. Ninyi walimu mwajua jinsi watu wanavyopenda kutajiwa mwaka, iwe wa kwisha kwa barafu au wa kurudi kwa Bwana. Msiwape.

Lakini neno kubwa, ambalo twatamani kila mtoto wa kipaimara alijue, ni hili. Sehemu kubwa ya barafu ya Kibo haigeuki maji kamwe. Hewa ya juu ni kavu, na jua ni kali, hata barafu huruka hewani kama mvuke pasipo kuyeyuka kwanza. Kidogo kinachoyeyuka ni kidogo kweli kweli kikilinganishwa na mito yetu. Weupe tuutazamao si tangi la maji yetu, wala haukuwa hivyo hata katika siku za babu zetu.

Basi maji yatoka wapi?

Yatoka chini yake, mahali ambapo mpandaji hupita katika siku ya kwanza bila kuinua macho. Ukitoka vihambani, penye migomba na kahawa, huingia msituni katika kimo cha mita kama 1,800, na msitu huendelea hata karibu mita 3,000. Hapo ndipo mawingu yatokayo baharini yanapopigwa na mlima na kufungua mifuko yao. Msitu wa upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kilele hupata sehemu ndogo tu ya hizo. Tena msitu hunywa hata pasipokuwa na mvua: ukoga na ndevu za miti hushika ukungu, na ukungu hudondoka, na udongo mweusi uliojaa majani huyapokea matone na kuyashikilia na kuyaachilia pole pole, mwezi hata mwezi. Chemchemi nyingi tunazonywa zalishwa hapo. Mifongo yetu yaanzia hapo, kazi ya mikono ya wazee waliopima mtelemko kwa macho. Na maji yatupitayo huendelea hata tambarare, yakaingia bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960 ambalo watu waliliita Nyumba ya Mungu, na kutoka huko huenda kwa mto Pangani hata baharini.

Ndugu, yatazameni mambo haya mawili pamoja. Watu wanaogopa kwa ajili ya kilele, nao huusahau msitu. Wanalia kwa ajili ya barafu wasiyoweza kuiongeza hata kwa kiganja kimoja, nao huwasha moto chini ya chemchemi yao wenyewe. Kwa maana juu kidogo ya msitu mrefu pana miti midogo yenye majani membamba, nayo yajua sana kukamata ukungu. Tangu miaka ya 1970 moto umekula maelfu mengi ya hekta zake. Oktoba 2020 moto uliwaka juu siku nyingi, na vijana wa vijiji walipanda kusaidia kuuzima; Oktoba 2022 ukawaka tena. Si kila moto wa mlimani umewashwa na radi. Uko mwenge wa mvuna asali, uko moto wa mtu anayetaka majani mapya kwa mbuzi wake, uko wa kijana aliyetupa kipande cha sigara. Hatumtaji mtu. Lakini ikiwa mtu amebatizwa na ana mzinga wa nyuki msituni, neno hili ni lake.

Sasa turudi kisimani. Mwaona jinsi Injili ilivyopanga? Mwanamke auliza habari za kilele, hali mkono wake umeshika mtungi. Amekuja kwa ajili ya maji, na maji yako chini ya mlima, katika kisima kirefu alichokirithi kwa Yakobo. Bwana hakupanda Gerizimu ili amjibu. Aliketi palipo na maji, akaomba kunywa. Naye alimfundisha ya kuwa Baba hafungwi na mlima ule wala na Yerusalemu, bali atafuta wale watakaomwabudu katika roho na kweli. Hakumwambia ya kuwa baba zake walikuwa wapumbavu. Alimwambia ya kuwa saa imekuja.

Kwa hiyo, kwa wale waulizao kama maombi ya kileleni hufika upesi, twajibu: la. Mama aombaye jikoni katika moshi wa kuni mbichi husikiwa sawasawa na askofu aombaye juu ya Uhuru. Mwenye afya na nafasi akitaka kupanda ili aone kazi ya mikono ya Mungu, apande kwa furaha, na alipe wapagazi wake. Lakini asichukue sadaka ya wajane kwa kusema ya kuwa atawafikishia maombi. Hilo ni neno la kumfanya Mungu kuwa mangi akaaye mbali, na sisi hatukufundishwa hivyo.

Na kwa wale wanaouliza kama Mungu ameuacha mlima, twajibu kwanza ya kuwa Mungu hakukaa katika barafu, hata aondoke pamoja nayo. Pili twasema, msiseme haraka ya kuwa ni hasira yake juu ya Wachaga; wapo watu wa nchi za mbali waliochoma makaa kwa miaka 200, nao hawajaulizwa. Tatu, someni katika Katekisimo Ndogo maelezo ya ombi la nne. Luther, alipouliza mkate wa kila siku ni nini, aliitia hali ya hewa njema ndani ya hesabu, pamoja na chakula na serikali njema na majirani waaminifu. Mwalimu amfundishaye mtoto kukariri ombi lile, asimwonyeshe msitu ambao ombi lile lajibiwa kwa njia yake, amemfundisha nusu.

Twajua liko jambo gumu hapa. Hifadhi ya Taifa ilipowekwa mwaka 1973 ilikuwa na sehemu za juu, na mwaka 2005 msitu wa chini yake ukaongezwa ndani ya mipaka. Zamani, tangu mwaka 1941, uliwekwa ukanda wa nusu maili kando ya vijiji ili wenyeji wapate kuni na mbao. Leo akina mama wengi hawajui waende wapi, na wako waliofukuzwa kwa ukali. Malalamiko yao hatuyapuuzi, na wazee wa sharika wayapeleke kwa wakuu wa vijiji na wa Hifadhi kwa adabu na bila kuchoka. Ila tusiwadanganye akina mama kwa kusema ya kuwa mpaka ukiondolewa kuni zitatosha. Watu wameongezeka mno, msitu haukuongezeka. Kuni za mama hazina budi kupandwa kihambani mwake, na mume wake amwachie nafasi katika shamba, wala asimwambie ya kuwa kila pembe ni ya kahawa.

Basi twawaomba walimu wa kipaimara wa sharika zote zinazopakana na msitu wafanye hivi kabla ya masika. Chagueni Jumamosi moja. Wachukueni watoto wenu, mfuate mfongo wa kijiji kutoka bomba au birika la mwisho, mpande nao hatua kwa hatua hata mahali maji yanapoachana na mto. Mwombeni mzee ajuaye mfongo awatangulie, naye aeleze ni ukoo gani uliouchimba na zamu za maji ziligawanywaje. Msimkatize, hata akirefusha. Mkifika mpakani pa Hifadhi ombeni ruhusa kwa askari. Penye chanzo someni Yohana 4 yote, kisha watoto wapande miche kando ya mfongo, upande wa nje wa mpaka, ya miti ya kienyeji na si ya mikaratusi, ambayo hunywa kuliko inavyotoa. Kila mtoto abebe mche wake mwenyewe, na kibuyu cha maji ya kuunyweshea, kwa kuwa mwezi huo vijito vya juu bado ni vyembamba.